Mwalimu Akitoka Chumbani

Vyama vingi vya sayansi shuleni huchangamka kwa muda, kisha hufa mara mwalimu mlezi anapohamishwa. Lawama huwaangukia wanafunzi, kwamba hawana bidii. Lakini uchunguzi mmoja wa Marekani watufundisha kutazama kwanza jinsi chama kilivyoongozwa.

Mtaalamu wa saikolojia Kurt Lewin alihama Ujerumani mwaka 1933, Wanazi waliposhika utawala. Miaka michache baadaye, katika Chuo Kikuu cha Iowa, yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White waliunda vikundi vya wavulana wa miaka 10, watano katika kila kikundi. Wavulana hao walitengeneza vinyago vya kuvaa usoni na kazi nyingine za mikono. Viongozi wao, watu wazima, walifuata mitindo mitatu. Katika wa kwanza, kiongozi aliamua kila jambo peke yake. Katika wa pili, watoto walijadili na kuamua, naye akawashauri. Katika wa tatu, aliwaachia wafanye watakavyo. Baada ya majuma kadhaa viongozi na mitindo ilibadilishwa, ili tabia ya mtu mmoja isipotoshe matokeo.

Mara nyingine kiongozi alitoka chumbani kwa makusudi. Watoto waliotii amri kwa unyonge walitumia asilimia 74 ya wakati wao kazini alipokuwapo. Alipotoka, asilimia 29 tu. Walioamua pamoja walishuka kidogo, kutoka 50 hadi 46. Walioachiwa bila mwongozo walifikia 33 tu: basi kuwaachia watoto si sawa na kuwashirikisha.

Ni kweli, watoto hao walikuwa wachache, tena wavulana watupu wa nchi moja. Kwa hiyo tusiyapokee matokeo hayo kama kanuni, bali tuyajaribu wenyewe. Mwalimu alete kazi mbili au tatu zinazowezekana, kama vile kupima mvua au kuotesha mbegu katika udongo mbalimbali. Wanafunzi wajadili na kuchagua. Uenyekiti, ukatibu na utunzaji wa vifaa vipokezanwe kila mwezi, hata kwa wale wasiozoea kusema. Mambo ya usalama, kama moto na kemikali, yabaki mikononi mwa mwalimu.

Kisha siku moja, wakati wa kazi isiyo ya hatari, mwalimu atoke kwa dakika 10, na mwanafunzi mmoja aandike yanayotokea. Daftari hilo litamwonyesha kama chama kimekuwa cha wanafunzi, au bado ni chake.