Skrini ya kompyuta inachezacheza? Pima hivi kabla ya kumlipa fundi

Skrini ikianza kuchezacheza, wengi hudhani imekufa. Kumbe mara nyingine tatizo ni dogo tu.

Anza na waya. Zima kompyuta, chomoa waya unaoiunganisha na skrini, kisha uchomeke tena hadi ukaze. Ukiwa na mwingine, ujaribu.

Bado? Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Likichezacheza nalo, shida ni draiva, yaani programu inayoendesha skrini: isasishe au rudisha ya zamani. Likitulia huku vingine vikicheza, kuna programu isiyoelewana na Windows. Isasishe au iondoe.

Inacheza hata kabla Windows haijafunguka? Hapo sasa mtafute fundi.