BAISKELI YA LAMI NA YA MCHANGA: TUCHAGUE IPI?

Huenda wengine wenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia baiskeli. Lakini sisi tunaofanya kazi katika chumba cha kufunga vidonda tunajua kuwa ajali nyingi za baiskeli huanzia dukani, siku ile mtu anapochagua kwa kutazama rangi na bei tu.

Huku kwetu kusini lami imefika. Mtu anatoka kijijini kwa njia ya mchanga, anashuka mteremko wa changarawe, kisha anaingia barabara kuu ya Songea, Namtumbo na Tunduru, ambako anapishana na mabasi na malori ya makaa ya mawe yaendayo Mtwara. Baiskeli ni ile ile moja. Hubeba mahindi ya kusaga, hubeba mtoto mwenye homa, na pengine mama mjamzito. Kwa hiyo tunahitaji baiskeli inayoziweza njia zote mbili, tena inayomfaa anayeendesha na anayebebwa.

TAIRI

Tairi jembamba huzama mchangani na kumwangusha mtu. Tairi pana lenye vinundu virefu hushika vizuri matopeni, lakini kwenye lami huunguruma na kumchosha mwendeshaji. Kwa njia za mchanganyiko chagua tairi la upana wa inchi 1.75 hadi 2, lenye mstari laini katikati na vinundu pembeni. Lijaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni. Tairi lenye upepo kidogo mno likigonga jiwe, mpira wa ndani hubanwa kwenye rimu na kutoboka, nawe ukabaki porini na mgonjwa.

Jihadharini pia na namba. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani zina tairi la 26 x 1⅜, na zile za milimani zina 26 x 2.00. Zote watu huziita "ishirini na sita", lakini tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Tazama namba ndogo ubavuni: la kwanza huishia na 590, la pili na 559. Hizo ni milimita za kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Zile baiskeli nyeusi za siku nyingi, zenye 28 x 1½, huishia na 635. Kabla ya kumuuliza mwenye duka bei, muulize fundi wa kijijini kwako ana vipuri vya namba gani.

BREKI

Hapa msibane matumizi. Baiskeli iwe na breki mbili zinazofanya kazi, ya mbele na ya nyuma. Rimu za chuma zilizong'arishwa hupendeza macho, lakini zikilowa mvua raba za breki huteleza, na baiskeli yenye mzigo husimama mbali kuliko ulivyotazamia. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi wakati wa masika. Breki za diski ni nzuri kwenye matope, ila zinunuliwe na yule tu ambaye fundi wake anazijua na vipuri vyake vinapatikana.

FREMU, GIA NA KEREA

Kwa mzigo na abiria chagua fremu ya chuma isiyo na springi nyuma. Springi hizo za bei rahisi hula nguvu za miguu, huchakaa upesi, na huwa vigumu kufunga kerea imara. Gia ni msaada mkubwa kwa mwenye vilima, hasa akiwa na magoti mabovu. Kwa mwenye njia tambarare, baiskeli isiyo na gia ina vitu vichache vya kuharibika, na ile nyeusi ya zamani bado inamfaa, mradi breki zake ni nzima.

IPIME KWA MWILI WAKO

Simama wima, bomba la juu likiwa katikati ya miguu na nyayo zote chini. Pabaki nafasi ya vidole vitatu kati ya bomba na mwili. Akina mama wanaovaa kanga au sketi wachague fremu yenye bomba lililoshuka, tena iwe na kinga ya mnyororo na madigadi, maana nguo ikinasa katika gurudumu humwangusha mtu ghafla.

Kisha kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kilicho chini mno huleta maumivu mbele ya goti. Kiti kilichoinua pua juu hubana mishipa na kuleta ganzi sehemu za siri, kisawazishe.

MIGUU YA WATOTO

Wazazi, hili ndilo linalotuuma zaidi. Mtoto anayebebwa nyuma bila pa kuweka miguu huchoka, mguu ukalegea na kuingia kwenye spoku. Siku ya kwanza kisigino huweza kuonekana kimechubuka tu. Baada ya siku chache ngozi huwa nyeusi na kufa, na kidonda huchukua wiki nyingi kupona. Pengine na mfupa umevunjika.

Dawa yake ni ndogo. Kabla hamjaitoa baiskeli kwa fundi, mwambieni afunge wavu wa waya au vipande vya ndoo ya plastiki pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Aweke na mahali pa kukanyagia. Mtoto mdogo awe na kiti chenye mgongo na mkanda. Ncha za usukani zifunikwe kwa mipira, maana ncha iliyo wazi ikimchoma mtoto tumboni huweza kupasua bandama au ini. Mtoto aliyegongwa tumboni aletwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheza.

Mguu ukinasa, simama mara moja na usiuvute. Legeza au kata spoku. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, inua mguu, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo na kadi ya chanjo ili waangalie habari ya pepopunda. Msipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe.

KABLA YA KULIPA

1. Inua gurudumu, lizungushe. Likiyumba, au spoku zikilegea, likazwe kwanza.
2. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Usukani ukigonga, gololi zimelegea au zimekwisha.
3. Kama ni ya mtumba, kagua maungio ya fremu. Rangi mpya sehemu moja tu huweza kuficha ufa.
4. Jaribu kuiendesha ukiwa na mzigo kwenye kerea, kwanza kwenye lami, kisha kwenye mchanga.
5. Hakikisha ina kengele, taa, na kioo chekundu cha kuakisi mwanga nyuma.

Bei ya baiskeli ihesabiwe pamoja na kinga ya spoku, taa na kofia ngumu. Kama fedha hazitoshi vyote, afadhali kuchukua baiskeli isiyo na gia lakini yenye breki nzuri na kinga, kuliko yenye gia nyingi isiyo na hivyo. Gia utaziongeza baadaye ukijaliwa. Kisigino cha mtoto hakina kipuri.