Walimpika Miaka Mingi Kabla ya Kumwonja

Ukiwauliza watu wa Nairobi ni chakula gani walichokijua ukubwani wakakipenda, watakutajia pitsa, samaki mbichi wa Kijapani, au parachichi lililopondwa juu ya mkate. Nenda Bumula, kaunti ya Bungoma, umwulize swali hilohilo kukhu (bibi) aliyezaliwa kabla ya uhuru, iwe ni Kimaeti, Khasoko au Siboti. Usishangae akikujibu: kuku.

Si kwamba kuku hakuwapo. Kuku alikuwa mlangoni, jikoni, na usiku alilala chini ya paa moja na wenye nyumba. Kukhu huyo alijua ni mtetea yupi anaatamia vizuri na ni jogoo yupi anahitaji moto wa kutwa. Alijua jinsi kideri kinavyoweza kumaliza boma zima kwa wiki moja. Alimkimbiza, akamnyonyoa, akambabua juu ya moto wa kuni hadi ngozi ikawa rangi ya dhahabu, akamkatakata kiungo kwa kiungo, akamchemsha, akampakua pamoja na busuma, yaani ugali. Kisha yeye na binti zake wakala busuma kwa mboga za majani.

Kwa Wabukusu wa Bumula, kama kwa Waluhya wengine wengi, mwanamke hakula kuku wala mayai. Sababu zilizotolewa zilitofautiana nyumba kwa nyumba, lakini nyingi zilizunguka uzazi: atakuwa tasa, au mtoto atazaliwa na kasoro. Mzungu Günter Wagner, aliyeishi miongoni mwa Walogoli na Wabukusu miaka ya 1930 kuandika habari za mila zao, aliukuta mwiko huo ukiwa hai. Wala si wa Waluhya peke yao. Ng'ambo ya mpaka, wanawake wa Buganda nao walinyimwa kuku na mayai, na hata senene, ingawa kazi ya kuwakusanya hao senene ilikuwa yao.

Mimi uzazi siuamini kuwa ndiyo sababu. Kuku alikuwa heshima ya boma. Mgeni akifika, alichinjiwa yeye. Mkwe akifika, hali kadhalika. Na penye tambiko hakukosekana. Kitu chenye thamani hiyo, kinachofugwa na kupikwa na mama, kilihitaji ulinzi dhidi ya mama huyohuyo, na hakuna mlinzi wa bei nafuu kuliko hofu. Linalonishangaza hadi leo ni suala la chumvi: mpishi asiyeruhusiwa kuonja mchuzi wake aliwezaje kuupatia vile?

Kuna utani unaojulikana Kenya nzima kuhusu Mluhya na kuku. Umesimuliwa redioni na jukwaani hadi umechakaa. Mtu akiusimulia, angalia anayemchora: siku zote ni mwanamume, paja mkononi, mchuzi kidevuni. Mkewe hayumo. Utani huo, bila kujua, umeweka historia sawasawa.

Mwiko haukuvunjwa siku moja, wala na mtu mmoja. Wamisionari wa Kikweka waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliupinga, na kwa wake wa waumini wa kwanza kula kuku kukawa alama ya kuokoka, nao majirani wakawatazama kwa jicho la kungoja balaa. Balaa haikuja, watoto walizaliwa. Baadaye likaja somo la kliniki, ambako mama mjamzito aliambiwa ale mayai, na muuguzi aliyemwambia alikuwa binti wa Kiluhya kama yeye. Kisha kulikuwa na safari. Wabukusu wengi walihamia Trans Nzoia, kwanza kama vibarua wa mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru kama wenye mashamba. Kule Kitale, mbali na mama mkwe, jirani akiwa wa kabila lingine asiyejua mwiko wako, mkono unaoelekea kwenye sufuria hauna wa kuukemea.

Nani atamlaumu aliyeonja akakosa kuacha? Kuku wa kienyeji aliyebabuliwa vizuri ana harufu ya moshi isiyopatikana kwa wale wa gredi wanaokomaa kwa wiki sita. Mtu aliyeinusa harufu hiyo miaka thelathini bila kumega, siku akimega, hiyo si ladha mpya tu. Ni deni analolipwa.

Wanaosema kuwa mila ya chakula haibadiliki wasisahau kwamba hata hiyo busuma iliyo pembeni ya kuku imebadilika. Wazee wa zamani waliisonga kwa wimbi na mtama. Mahindi yalisambaa huku katika zama za mkoloni, na yakatawala kabisa baada ya mbegu chotara ya H611 kutoka Kitale mwaka 1964. Hakuna aliyelalamika kwamba mahindi ni ya ugenini.

Leo msichana wa Bumula anakula kuku bila kufikiri, na ukimweleza mwiko huo anadhani unamtania. Vikundi vya akina mama vinafuga kwa ajili ya soko, na Chwele, si mbali na hapa, pana kichinjio cha kuku. Katiba ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 44, inasema hakuna wa kumlazimisha mwenzake kufuata mila. Sheria ilifika sufuria ikiwa imeshafunuliwa, lakini si vibaya kuwa nayo.

Limebaki jambo moja. Firigisi. Katika nyumba nyingi, zikiwamo za wasomi wenye meza za vioo, kipande hicho bado kinatengwa kwa baba, na kikikosekana kwenye bakuli chakula hakiliwi kwa amani. Wengine huona ni mchezo tu, heshima ndogo isiyomdhuru mtu. Mimi naona ni kipande cha mwisho cha mwiko uleule. Basi ndugu zangu wanaume, Krismasi inakuja na kuku watachinjwa kila boma. Firigisi ikifika mezani, mpeni kukhu. Amewapikia vya kutosha.