Halua, Peremende na Ubuyu: Asili ya Maneno ya Vitu Vitamu

Mwanafunzi, katika mada ya chimbuko la Kiswahili unaweza kutakiwa kujadili dai kwamba Kiswahili ni Kiarabu. Wengi hukariri hoja bila mifano na hupoteza alama. Maneno matatu ya vitu vitamu yatakusaidia.

(a) Halua
Hupikwa kwa wanga, sukari, samli na iliki, na ni maarufu Zanzibar na Omani. Neno limetokana na Kiarabu "halwa", ambalo mzizi wake unahusu utamu. Kiswahili hakikulichukua lilivyo: mfuatano wa l na w umevunjwa, na kila silabi sasa inaishia kwa irabu, yaani ha-lu-a.

(b) Peremende
Limetoholewa kutoka neno la Kiingereza "peppermint", likaongezewa irabu mwishoni. Maana nayo imepanuka. Kiingereza hulitumia kwa mnanaa na pipi yenye ladha yake. Kiswahili hulitumia kwa pipi yoyote ya kumung'unya.

(c) Ubuyu
Dodoma, nchi ya mibuyu, mbegu za tunda hili hupikwa kwa sukari na rangi, zikauzwa katika vifuko. Neno hili ni la Kibantu. Tazama shina -buyu linavyopokea viambishi vya ngeli:
mbuyu/mibuyu – mti
buyu/mabuyu – tunda
ubuyu – unga na mbegu za ndani ya tunda
kibuyu/vibuyu – chombo cha maji au maziwa
Mitaani, "ubuyu" pia ni habari za umbea. Usitumie maana hiyo katika insha rasmi.

Hoja ya kuandika kwenye mtihani
Linganisha sentensi hizi:
Halua hii tamu imeisha.
Ubuyu huu mtamu umeisha.
Neno "halua" lina asili ya Kiarabu, lakini "hii", "tamu" na "imeisha" yanafuata upatanisho wa kisarufi wa Kibantu, sawa na ilivyo kwa "ubuyu". Lugha zote hukopa msamiati. Kukopa neno hakubadili sarufi, na sarufi ndiyo inayoonesha Kiswahili ni cha ukoo gani.

Zingatia: Usikanushe kwamba Kiswahili kina maneno ya Kiarabu. Kubali, kisha eleza kwa nini hayatoshi kuthibitisha dai.

Swali la kujipima
Kwa kutumia maneno asali, chokoleti na muwa, onesha kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokopa msamiati.