Somo la kubaleghe: Mbona huchelewa?

Msichana wa miaka 11 aliletwa na mamake kwenye kliniki yangu huku akilia. Kwa siku tatu alikuwa ameficha nguo zake chini ya godoro. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amepata hedhi ya kwanza, akaamini anakufa. Habari za Ukimwi alizijua vyema. Za mwili wake hakuna aliyemweleza.

Zamani kazi hii haikuwa ya mwalimu wala ya mama mzazi. Nyanya, shangazi au somo ndiye aliyemfunda msichana, naye mvulana alifunzwa wakati wa tohara. Tulipohamia mijini, nyanya alibaki mashambani. Mzazi akadhani mwalimu atasema. Mwalimu akadhani mzazi amekwisha kusema.

Kisha ukaja Ukimwi, uliotambuliwa nchini Kenya mwaka wa 1984. Mafunzo kwa vijana yalizua ubishi mkali. Mwaka wa 1996, Kadinali Maurice Otunga aliongoza waumini kuchoma kondomu na vijitabu vya kinga jijini Nairobi. Mwaka wa 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na somo lake likaingia shuleni. Hivyo watoto wetu wakasikia habari za mauti kabla ya habari za miili yao. Mwaka wa 2017 sheria iliagiza wasichana waliobaleghe katika shule za umma wapewe sodo bila malipo. Ni jambo jema, lakini sodo haina mdomo wa kueleza.

Wazazi huniambia, "Daktari, aliyelala usimwamshe." Jibu langu ni kwamba mwili hauombi ruhusa. Matiti ya msichana huanza kuchipuka kati ya miaka 8 na 13, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili au mitatu hivi. Mvulana huanza kubadilika kati ya miaka 9 na 14. Anayengoja mtoto afike shule ya upili amechelewa.

Mwambie binti mapema kwamba damu hiyo hutoka kwenye tumbo la uzazi, hudumu siku 2 hadi 7, na si ugonjwa. Mwambie mvulana kuwa kutokwa na manii usingizini si laana wala aibu. Mabadiliko yakianza kabla ya umri niliotaja, au yasipoonekana umri huo ukipita, mwone daktari.

Usipomweleza wewe, ataelezwa na wenzake vichochoroni.