Ukiwa na 16, Mgawaji Ana 10

Hakuna hali inayowatesa wachezaji wa blackjack kama hii: karata zako mbili zinajumlisha 16, na karata ya mgawaji iliyo wazi mezani ni 10. Ukiongeza karata, huenda ukavuka 21 na dau likaondoka papo hapo. Ukitulia, huenda mgawaji akakupita. Wengi hutulia, kwa sababu kujiangusha mwenyewe kunauma kuliko kuangushwa. Hesabu inasema ongeza.

Jibu hilo lilitoka kambini, si kwa wacheza kamari. Katika miaka ya 1950, Roger Baldwin, askari wa Marekani aliyekuwa Aberdeen Proving Ground, jimbo la Maryland, alishirikiana na wenzake Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott kukokotoa kila hali ya mchezo huu kwa mashine za hesabu za mezani. Mwaka 1956 wakachapisha matokeo yao katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Baadaye Edward Thorp, mwanahisabati, aliirudia kazi hiyo kwa kompyuta ya IBM 704, na mwaka 1962 akatoa kitabu chake, Beat the Dealer. Thorp alikwenda mbali zaidi, hadi kwenye kuhesabu karata zilizokwisha kutoka. Hapa nabaki kwenye msingi, kwani bila huo hata kuhesabu hakumfai mtu.

Msingi wenyewe umejengwa juu ya jambo moja: mgawaji hana hiari. Akiwa na 16 au chini, lazima aongeze. Akifika 17, husimama. Haangalii karata zako wala haogopi. Kwa kuwa mwendo wake unajulikana, inawezekana kukokotoa mwisho wake kwa kila karata anayoanza nayo. Akianza na 6, huvuka 21 karibu mara 42 katika kila 100. Akianza na 10, huvuka zaidi kidogo ya mara 20 tu. Ndiyo maana wewe mwenye 13, 14, 15 au 16 unatulia mbele ya 2 hadi 6, ukimwachia yeye hatari ya kuvuka, na unaongeza mbele ya 7 kwenda juu.

Swali linalofuata ni la haki kabisa: kwa nini basi nisimuige tu mgawaji? Kwa sababu wewe unacheza kwanza. Ukivuka 21, dau lako linachukuliwa wakati huohuo, hata kama mgawaji naye atavuka dakika moja baadaye. Faida yote ya kasino imekaa hapo. Anayemuiga mgawaji hupoteza kama asilimia 5.5 ya fedha anazoziweka. Anayefuata mkakati wa msingi, katika meza yenye kanuni nzuri, hupoteza karibu asilimia 0.5. Chukua dau la shilingi 10,000 kwa raundi 60, jumla 600,000. Wa kwanza atarajie kupoteza kama 33,000, wa pili kama 3,000. Hayo ni makadirio ya muda mrefu. Usiku mmoja unaweza kwenda popote. Lakini sikiliza vizuri: hata huyo wa pili anapoteza. Anayekuuzia mkakati wa msingi kama njia ya kujipatia kipato anakudanganya.

Turudi kwenye ile 16. Katika aina 13 za karata, nane (kuanzia 6 hadi mfalme) zitakuvusha 21. Inatisha. Ila ukitulia, unashinda pale tu mgawaji anapovuka, na kwa 10 havuki mara nyingi. Njia zote mbili ni mbaya: kwa wastani kila moja inakula kama asilimia 54 ya dau, na hasara ya kuongeza ni pungufu kwa kiasi kidogo mno. Ikiwa meza inaruhusu kujitoa kwa kuacha nusu ya dau, jitoe, maana kupoteza asilimia 50 ni nafuu kuliko 54. Na kama hiyo 16 ni 8 mbili, zitenganishe ziwe michezo miwili. Mtu huona uchungu kuweka dau la pili mbele ya 10, lakini kuanza na 8 ni bora kuliko kukaa na 16, na hasara inapungua.

Ree mbili nazo hutenganishwa daima. Karata mbili za 10, kamwe. 20 tayari ni hazina. Jozi ya 5 ichukulie kuwa ni 10, na uongeze dau maradufu mbele ya 2 hadi 9. Ukiwa na 11, ongeza maradufu karibu kila mara.

Panapowashinda hata wazoefu ni karata zenye ree inayohesabika 1 au 11. Ree na 6 ni 17, na wengi hutulia hapo. Ni kosa. Karata moja haiwezi kukuvusha, na 17 hushinda pale tu mgawaji anapovuka. Ongeza. Ree na 7 ni 18, namba inayopendeza machoni, lakini mbele ya 9 au 10 ya mgawaji nayo huongezwa.

Mgawaji akionyesha ree, atakuuliza kama unataka bima: unaweka nusu ya dau, na akiwa na 10 chini yake unalipwa mara mbili. Kati ya aina 13, nne tu zina thamani ya 10. Ili bima ijilipe ingehitaji moja katika tatu. Inapata nne katika 13, hivyo kila shilingi 100 za bima hupoteza karibu 8. Usikate bima, hata ukiwa na blackjack (ree na karata yenye thamani ya 10) mkononi na ukaahidiwa kulipwa sawa na dau. Kwa dau la 10,000, kukataa kunaleta wastani wa karibu 10,400.

Jifunze kwa karata za nyumbani, bila fedha. Weka 6 wazi kama karata ya mgawaji, ujigawie karata hadi majibu yaje bila kufikiri, kisha badilisha uweke 10.

Na kabla ya kuketi kwenye meza yoyote, soma maandishi yaliyo juu ya kitambaa. Blackjack inapaswa kulipa 3 kwa 2, yaani 15,000 kwa dau la 10,000. Palipoandikwa 6 kwa 5 utapata 12,000, na faida ya kasino inapanda kwa karibu asilimia 1.4, zaidi ya yote uliyoyaokoa kwa kutenganisha 8 na kukataa bima. Uliza pia kama mgawaji hujipa karata ya pili kabla au baada ya ninyi kucheza. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya huichukua mwishoni, na akipata blackjack hukusanya hata dau uliloongeza. Kwenye meza ya namna hiyo, mbele ya 10 au ree, usitenganishe 8 wala usiongeze maradufu kwa 11.