Mateke ya Wafaransa

Kupiga teke si jambo la kufundishwa. Hata mtoto mdogo hupiga teke akikasirika. Lakini katika nchi ya Ufaransa uko mchezo ambao mwanafunzi hutumia muda mrefu akijifunza kuuinua mguu wake, kuupeleka panapotakiwa, na kuurudisha. Mchezo huo huitwa savate, maana yake kiatu kikuukuu. Jina hilo laonyesha asili yake, kwani ulitoka kwa watu waliopigana mitaani mwa Paris wakiwa na viatu miguuni.

Katika miaka ya 1820 mwalimu mmoja wa Paris, Michel Casseux, aliyapanga mateke hayo ya mitaani, akafungua nyumba ya kuyafundishia. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Charles Lecour, mtu hodari sana wa miguu. Siku zile mikono ilitumika zaidi kwa kujikinga na kupiga makofi. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1830 Lecour alipambana na Owen Swift, bingwa wa ngumi kutoka Uingereza, akashindwa. Hapo alitambua kwamba miguu peke yake haitoshi, kwa kuwa adui akisogea karibu sana mguu hukosa nafasi. Lecour hakuona haya. Alijifunza ngumi za Waingereza, kisha akaziunganisha na mateke ya kwao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo sababu mchezo huo huitwa pia ngumi za Kifaransa.

Anayeanza hufundishwa kwanza kusimama. Mguu mmoja hutangulia, wa pili hubaki nyuma, magoti hulegezwa kidogo, na mikono huinuliwa kuulinda uso. Asiyejua kusimama hawezi kupiga, kwa maana kila ainuapo mguu mmoja, mwili wote hutegemea ule wa pili.

Kisha hufuata mateke yenyewe, nayo ni ya namna nne. La kwanza hupigwa kama mjeledi: goti huinuliwa ubavuni, halafu sehemu ya chini ya mguu hurushwa kwa haraka. La pili ni la kusukuma: goti huvutwa kifuani, kisha mguu hunyoshwa mbele kwa nguvu, nao wayo ndio upigao. La tatu hupita likikata kutoka upande hadi upande, mguu ukiwa umenyoka. La nne ni la chini, hulenga muundi wa mpinzani, na mpigaji huuegemeza mwili nyuma asifikiwe na ngumi. Mguu hupiga kwa kiatu tu; kupiga kwa goti, kwa muundi au kwa kiwiko ni marufuku.

Yako mashindano ya nguvu, ambamo mtu aweza kumwangusha mwenzake. Lakini wanaoanza hushindana kwa kugusa. Katika shindano hilo alama hupewa yule aliyemgusa mpinzani kwa usahihi, naye apigaye kwa nguvu huonywa na mwamuzi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Teke lililokwisha kurushwa kwa kasi lazima lizuiliwe lifikapo kwenye mbavu za mwenzake, tena mpigaji asiyumbe. Mwenye hasira hawezi.

Kadiri mwanafunzi anavyoendelea hupanda daraja, na madaraja huitwa kwa rangi za glavu: kwanza buluu, kisha kijani, nyekundu, nyeupe na manjano. Mwaka 1924 mchezo huo ulionyeshwa katika Michezo ya Olimpiki huko Paris, na siku hizi huchezwa na wanaume kwa wanawake katika nchi nyingi. Kabla ya kuanza, washindani husalimiana kwa heshima, na wakiisha husalimiana tena, maana bila mwenzake hakuna awezaye kujifunza.